Kurudi Nyumbani Baada ya Vita: Ubishi juu ya Tamati ya The Lord of the Rings

Utangulizi

Mwalimu wa fasihi anayewaonyesha wanafunzi filamu au mchezo uliotokana na riwaya waliyoisoma hana budi kujiandaa kwa swali moja: mbona mwisho si ule wa kitabuni? Swali hili aghalabu hujibiwa kwa mkato, kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwani humnyima mwanafunzi nafasi ya kuuliza jambo lililo kubwa zaidi: katika kubadilishwa huko, ni nini kilichobaki, na ni nini kilichopotea?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya ubishi mmoja mashuhuri, yaani ule uliozuka mwaka 2003 ilipotoka filamu ya mwisho ya The Lord of the Rings, riwaya ya ajabu ya J.R.R. Tolkien.

Kabla hatujaingia katika kisa chenyewe, mfano wa lugha utatufaa uwe kipimo. Neno kitabu lilitufikia kutoka Kiarabu. Huko, sauti ya k iliyo mwanzoni ni sehemu ya mzizi. Kiswahili kikaichukua silabi ki- kuwa kiambishi cha ngeli, na leo twasema vitabu bila wasiwasi wowote. Umbo limevunjwa, maana imebaki. Neno bepari nalo lilitoka Uhindini, ambako maana yake ni mfanyabiashara. Umbo lake twaweza kulitambua hata sasa, bali maana ndiyo iliyohama, hata bepari akawa mwenye mtaji anayenyonya jasho la wengine. Mwalimu Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare mwaka 1969 na kuuita Mabepari wa Venisi, neno hilo, tena katika wingi, liliupa mchezo sura mpya kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza. Basi yako mabadiliko ya namna ya kitabu, na yako mabadiliko ya namna ya bepari. Si lazima haya ya pili yawe mabaya, lakini ni wajibu wa msomaji kuyatambua.

Kitabu na mtunzi wake

Tolkien alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akalelewa Uingereza, na kwa miaka mingi alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford, akifundisha Kiingereza cha kale. Kazi yake ilikuwa lugha, kama ilivyo yetu. Alianza kuiandika riwaya hiyo mwishoni mwa mwaka 1937 na kuifanyia kazi kwa zaidi ya miaka kumi. Ilichapishwa katika juzuu tatu, na juzuu ya mwisho, The Return of the King, ilitoka Oktoba 1955.

Kisa chenyewe, kwa ufupi, ni hiki. Frodo ni mmoja wa mahobiti, watu wafupi wanaoishi kwa amani na ukulima katika nchi ya Shire. Anarithi Pete yenye nguvu za uovu, ambayo haiwezi kuangamizwa ila kwa kutupwa katika moto wa mlima ilikofuliwa, ndani ya nchi ya adui Sauron. Yeye na mtumishi wake Sam wanaibeba hadi huko, huku wakiandamana na Gollum, kiumbe aliyewahi kuimiliki Pete na kuharibiwa nayo. Hatimaye Pete inateketea, Sauron anaanguka, na mfalme wa haki anatawazwa.

Msomaji angetazamia hadithi iishe hapo. Haiishi. Frodo, Sam, na jamaa zao Merry na Pippin wanarudi Shire na kuikuta imetekwa. Miti imekatwa, kinu kipya kinachafua maji ya mto, mazao yanakusanywa bila kugawanywa, amri zimebandikwa ukutani, na wenye kunung'unika wanatiwa jela. Nyuma ya uovu huo yuko Saruman, aliyekuwa mkuu wa wenye hekima kabla ya kugeuka msaliti, na ambaye sasa hana nguvu kubwa iliyombakia ila ya kulipiza kisasi. Hakuna mfalme wala jeshi linalokuja kuwaokoa wanakijiji. Wanajiokoa wenyewe, na mahobiti kumi na tisa wanakufa katika mapigano hayo. Frodo hachomoi upanga. Kazi yake ni kuwazuia wenzake wasiwaue maadui waliosalimu amri. Saruman anauawa mlangoni pa nyumba ya Frodo, kwa mkono wa mtumishi wake mwenyewe aliyemtesa mno. Kisha Sam anazunguka nchi nzima akipanda miti upya. Frodo, hata hivyo, haponi majeraha yake, na mwishowe anaondoka kwa merikebu kwenda ng'ambo asikorudi mtu.

Hiyo ndiyo sura iliyoleta ubishi. Wako waliodhani kwamba Tolkien aliiandika kwa kuifikiria Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Yeye alikanusha. Katika dibaji ya toleo la pili, miaka ya 1960, alieleza kwamba tukio hilo lilikuwa sehemu ya lazima ya hadithi, na kwamba alilikusudia tangu mwanzo. Alikumbusha pia kwamba mashambani alikokulia kulianza kuharibiwa kabla hajatimiza miaka kumi. Tena, alikuwa amepigana Ufaransa katika vita vya Somme mwaka 1916, na kufikia mwaka 1918 rafiki zake wa karibu wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wamekufa. Mtu wa namna hiyo hakuwa na haja ya kusimuliwa habari za kurudi nyumbani.

Malalamiko ya mwaka 1958

Wengi hudhani kwamba ubishi wa uaminifu ulianza na mashabiki wa mwaka 2003. Historia yaonyesha vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani kadhaa walitaka kuitengenezea riwaya hiyo filamu ya katuni, wakamletea Tolkien muhtasari ulioandikwa na Morton Grady Zimmerman. Mwaka 1958 Tolkien aliujibu kwa barua ndefu, akipinga jambo moja baada ya jingine.

Hakukataa kufupisha. Alikubali kwamba filamu haiwezi kubeba kila kitu, na mahali pengine aliona ni afadhali tukio liondolewe kabisa kuliko kuharibiwa. Alilolipinga ni filamu kutia mambo yasiyokuwamo na kutia chumvi yaliyomo, kwa sababu ya kutotambua kiini cha hadithi kilipo. Juu ya Saruman alisema wazi kwamba, maadamu mwandishi huyo ameuondoa mwisho wa kitabu, pamoja na kifo cha Saruman kilichostahili, hapakuwa na sababu ya kumwua mahali pengine. Hivyo, miaka arobaini na mitano kabla ya mashabiki kugombana, mtunzi mwenyewe alikwisha kulitia kidole jeraha lile lile.

Mpango huo haukufika popote. Mwaka 1978 Ralph Bakshi alitoa filamu ya katuni iliyokomea katikati ya kisa, na mwaka 1980 televisheni ya Marekani ikaonyesha katuni ya juzuu ya tatu bila ile vita ya Shire. Mchezo wa redio wa BBC wa mwaka 1981 ndio ulioiweka sura hiyo. Mchezo huo ulikuwa na sehemu ishirini na sita, kwa hiyo nafasi haikuwa haba.

Filamu ya mwaka 2003

Peter Jackson wa New Zealand, akiandika pamoja na Fran Walsh na Philippa Boyens, alizipiga picha za filamu zote tatu kwa mfululizo, tangu Oktoba 1999 hadi Desemba 2000. Ya tatu ilitoka Desemba 2003. Ilichukua zaidi ya saa tatu, na mwezi Februari 2004 ikapata tuzo kumi na moja za Oscar katika mashindano yote kumi na moja iliyoteuliwa.

Katika filamu hiyo mahobiti wanarudi na kuikuta Shire kama walivyoiacha. Vita ya nyumbani haimo, ingawa katika filamu ya kwanza Frodo alikwisha kuonyeshwa njozi ya Shire ikiteketea. Zaidi ya hayo, Saruman mwenyewe hakuonekana hata kidogo katika filamu ya tatu ilipofika kwenye kumbi za sinema. Christopher Lee, mwigizaji wake, aliyekuwa akisema kwamba hukisoma kitabu hicho kila mwaka, alihuzunika hadharani, na maelfu ya mashabiki wakatia sahihi ombi la kutaka sehemu yake irudishwe. Ilirudishwa katika toleo refu la mwaka 2004. Humo Saruman anauawa juu ya mnara wake, mbali na Shire, kinyume cha alivyotaka Tolkien mwaka 1958.

Hoja za pande mbili

Watetezi wa filamu walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba filamu zote tatu zilijengwa juu ya Pete. Ikiisha kuteketea, mtazamaji aliyekaa kitini saa tatu hawezi kuanzishiwa vita vingine. Walioona kwamba filamu ilikuwa na miisho mingi kupita kiasi walikuwa wengi tayari. Tena waliitaja picha moja ya baa ya kijijini, ambamo wenyeji wanashangilia boga kubwa ilhali mahobiti wanne waliookoa dunia wamekaa kimya na vikombe vyao. Hakuna anayewauliza walikokuwa. Picha hiyo haimo kitabuni, lakini maana yake imo, kwani kitabuni pia Frodo hapati heshima kubwa kwao, na Sam anaumia kuliona hilo. Hili ni badiliko la namna ya kitabu: umbo jipya, maana ile ile.

Wapinzani nao walijibu kwamba kilichoondolewa hakikuwa pambo. Bila vita ya Shire, safari nzima hukosa mtihani wake wa mwisho. Merry na Pippin walijifunza nini ugenini, kama hawaji kukitumia kwao? Na amani ya nyumbani inakuwa zawadi iliyotoka mbali, badala ya kazi iliyofanywa na wenyeji kwa mikono yao.

Kulikuwa na ubishi mwingine, mdogo kwa urefu, juu ya Pete ilivyoangamia. Kitabuni Frodo anashindwa dakika ya mwisho, anaidai Pete kuwa yake. Gollum anaing'ata pamoja na kidole, anacheza kwa furaha, anateleza na kuanguka motoni. Tolkien alieleza katika barua zake kwamba ushindi ulitokana na huruma ambayo Gollum alionyeshwa hapo awali. Watengenezaji wa filamu kwanza walipiga picha ya Frodo akimsukuma Gollum, wakaona inafanana na uuaji, wakaibadilisha: Frodo ananyanyuka, wanakamatana, wanaanguka wote, naye Frodo anaokolewa na Sam. Marekebisho hayo yaliirudisha filamu karibu na kitabu, lakini si kabisa. Katika kitabu huruma ndiyo inayoshinda pale nguvu za mtu zinapokwisha. Katika filamu mkono wa mtu bado umo.

Hitimisho

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, badiliko la Shire ni la namna ya bepari. Kitabu kinasema mambo mawili juu ya kurudi: kwamba anayerudi hakuponi alikojeruhiwa, na kwamba hata nyumba aliyoiacha imejeruhiwa, nayo yahitaji kujengwa upya. Filamu imelitunza la kwanza kwa uzuri mkubwa, ikaliacha la pili. Haikuwa filamu mbaya kwa sababu hiyo, ila imejibu swali jingine.

Wasomaji wa nchi zetu hizi watalielewa jambo hili bila maelezo marefu. Wamo miongoni mwetu waliowapokea ndugu waliorudi kutoka vitani au ukimbizini, wakajua kwamba siku ya kuvuka mpaka si mwisho wa safari. Shamba limeota magugu, kiwanja kina mwenyewe mpya, na aliyekuwa adui jana ni jirani leo, naye asiuawe. Kwao, sura iliyoachwa ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha.

Basi mwanafunzi akiuliza mbona mwisho si ule wa kitabuni, tusimkate kauli. Tumwambie aorodheshe yaliyobadilika, kisha katika kila moja ajiulize kama ni umbo lililovunjwa au ni maana iliyohama. Akiweza kutofautisha hayo mawili, atakuwa amekwisha kuanza kazi ya uhakiki.