Tisa na Kumi na Moja: Mashahidi wa Hesabu ya Kagera

Wasomaji wetu, hesabu ndogo hukaguliwa kwa vidole, lakini hesabu ya malaki yataka njia nyingine. Tangu Uhuru nchi yetu imehesabu watu wake mara sita: mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Katika hesabu ya tarehe 26 Agosti 2012 mkoa wetu wa Kagera ulionekana kuwa na watu 2,458,023. Je, mtu akaaye kijijini atajuaje ya kuwa jumla hiyo imejumlishwa sawasawa?

Njia iko, nayo ni ya kale. Wanahesabu wa Kihindi na wa Kiarabu waliijua, na Leonardo wa Pisa aliwaeleza Waitalia katika kitabu chake cha mwaka 1202. Ni kutoa tisa. Jumlisha tarakimu za namba, na jibu likizidi tisa jumlisha tena, mpaka ibaki tarakimu moja. Sababu yake ni hii: kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, na elfu vivyo hivyo. Basi kila tisa ikiisha kutolewa, hubaki tarakimu zenyewe tu.

Na tujaribu. Manispaa ya Bukoba ilikuwa na watu 128,796, baki 6. Bukoba Vijijini 289,697, baki 5. Muleba 540,310, baki 4. Missenyi 202,632, baki 6. Karagwe 332,020, baki 1. Kyerwa 321,026, baki 5. Ngara 320,056, baki 7. Biharamulo 323,486, baki 8. Baki zote pamoja ni 42, yaani 6. Tarakimu za 2,458,023 nazo ni 24, yaani 6. Zapatana.

Lakini shahidi huyu haoni yote. Karani akiandika Muleba 543,010 badala ya 540,310, tarakimu ni zile zile, na tisa itanyamaza. Kumbe wameongezwa watu 2,700 wasiokuwapo. Hapo twamwita shahidi wa pili, kumi na moja. Anza kuume: chukua tarakimu ya kwanza, toa ya pili, ongeza ya tatu, toa ya nne, hivyo mpaka mwisho, ukipungukiwa, ongeza 11. Namba 540,310 hutoa 1, bali 543,010 hutoa 6. Kosa limeonekana. Tumezipima wilaya zote kwa njia hiyo: baki ni 29, yaani 7, na jumla ya mkoa nayo hutoa 7.

Kwa hesabu hizi hupangwa madawati ya shule na dawa za zahanati. Kwa hiyo si mchezo. Hata hivyo mashahidi hawa wawili huthibitisha kujumlisha tu. Hawajui kama karani alifika kwenye nyumba ya mjane iliyo nyuma ya migomba, wala kama mwenye nyumba alitaja watoto wake wote. Ushahidi huo hapana tarakimu iwezayo kuutoa. Ni juu yetu sisi wenyewe, siku tuulizwapo mlangoni, kusema kweli.