Bunge la Minnesota: Mwaka wa Kwanza wa Baraza Lililogawanyika 67 kwa 67

Uchaguzi Mkuu uliofanyika nchini Marekani tarehe 5 Novemba, 2024 uliliacha Baraza la Wawakilishi la Jimbo la Minnesota likiwa limegawanyika sawa kwa sawa. Chama cha Republican kilipata viti 67, na Chama cha Democratic, ambacho katika jimbo hilo hujulikana kwa kifupi kama DFL, nacho kilipata viti 67.

Muhula huo wa miaka miwili, ambao ni wa 94 katika historia ya Bunge hilo, ulianza tarehe 14 Januari, 2025. Katika mwaka wake wa kwanza, Baraza lilikaa wiki tatu bila akidi, likaongozwa kwa makubaliano ya kugawana madaraka, likapitisha bajeti ya jimbo kwa kuchelewa, na likampoteza mmoja wa viongozi wake wakuu kwa mauaji. Makala haya yanaeleza mambo hayo yalivyotokea na kanuni zilizoyaongoza.

Muundo wa Bunge na uzito wa namba 68

Bunge la Minnesota, ambalo makao yake ni Saint Paul, lina vyombo viwili: Seneti yenye wajumbe 67 na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 134. Kila eneo la uchaguzi la Seneti hugawanywa katika maeneo mawili ya Baraza, yanayotambulishwa kwa herufi A na B. Kwa sababu hiyo idadi ya wajumbe wa Baraza hugawanyika kwa mbili, na uwezekano wa vyama viwili kulingana viti upo katika kila uchaguzi.

Katiba ya jimbo inaweka masharti mawili yaliyotawala muhula huu. Kwanza, akidi ya kikao ni zaidi ya nusu ya wajumbe. Pili, mswada hauwi sheria mpaka uungwe mkono na zaidi ya nusu ya wajumbe wote waliochaguliwa, si ya wale waliohudhuria peke yao. Katika Baraza lenye viti 134, namba hiyo ni 68.

Spika hupiga kura kama mjumbe mwingine yeyote na hana kura ya ziada ya kuamua pale kura zinapolingana. Hali hiyo ni tofauti na ile ya Seneti ya Marekani, ambako Makamu wa Rais ndiye huamua kura zinapofungana. Kwa hiyo, chama chenye wajumbe 67 katika Baraza la Minnesota, hata kikishikamana vipi, hakiwezi kupitisha mswada wowote bila angalau kura moja kutoka upande wa pili.

Kiti kimoja chabadili hesabu

Baada ya uchaguzi, viongozi wa pande zote mbili, Melissa Hortman wa DFL, aliyekuwa Spika tangu mwaka 2019, na Lisa Demuth wa Republican, walianza mazungumzo ya kugawana madaraka. Mazungumzo hayo yaliingia dosari mwezi Desemba. Tarehe 20 Desemba, 2024, mahakama iliamua kuwa mgombea wa DFL aliyeshinda kiti cha 40B hakutimiza sharti la kikatiba la kuishi katika eneo la uchaguzi kwa miezi sita kabla ya siku ya kupiga kura. Mgombea huyo hakukata rufaa na aliachia kiti. Hesabu ikawa 67 kwa 66, kwa manufaa ya Republican.

Gavana Tim Walz alitangaza uchaguzi mdogo ufanyike tarehe 28 Januari. Mahakama ya Juu ya Minnesota iliufuta kwa uamuzi wa tarehe 17 Januari, kwa maelezo kuwa Gavana aliutangaza kabla ya wakati unaoruhusiwa na sheria.

Kulikuwa na kiti cha pili chenye mgogoro. Katika eneo la 54A, mji wa Shakopee, Brad Tabke wa DFL alishinda kwa tofauti ya kura 14, huku kura 20 zilizopigwa kabla ya siku ya uchaguzi zikipotea bila kuhesabiwa. Mahakama ilithibitisha ushindi wake. Hata hivyo, Katiba ya jimbo inalipa Baraza lenyewe mamlaka ya kuamua uhalali wa uchaguzi wa wajumbe wake, na DFL ilihofu kuwa Republican ingetumia wingi wake wa muda kumwondoa.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi katika historia ya Baraza hilohilo. Mwaka 1979 vyama viligawana viti 67 kwa 67. Republican ilipewa nafasi ya Spika, iliyoshikwa na Rod Searle, na DFL ikapewa uenyekiti wa kamati muhimu. Kabla mwaka haujaisha, Baraza lilimwondoa mjumbe mmoja wa Republican kwa tofauti ya kura moja, kutokana na ukiukaji wa sheria za kampeni. DFL ilishinda uchaguzi mdogo uliofuata, ikafikisha viti 68, na mwaka 1980 Fred Norton wa chama hicho akawa Spika.

Wiki tatu bila akidi

Wajumbe wa DFL waliapishwa kwa faragha tarehe 12 Januari, nje ya jengo la Bunge. Miongoni mwa wajumbe wapya wa chama hicho ni Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliyechaguliwa Novemba 2024 kuwakilisha eneo la 38A. Siku ya ufunguzi, tarehe 14 Januari, wajumbe wa DFL hawakuingia ukumbini.

Kwa mujibu wa sheria, Katibu wa Jimbo ndiye huongoza kikao cha kwanza mpaka Spika achaguliwe. Katibu wa Jimbo, Steve Simon, alihesabu wajumbe 67, akatangaza kuwa akidi haijatimia na kuahirisha kikao. Wajumbe wa Republican hawakukubaliana naye. Waliendelea na kikao na kumchagua Demuth kuwa Spika, kwa hoja kwamba wajumbe waliokuwa na viti wakati huo ni 133 na kwa hiyo 67 walitosha.

Shauri lilifikishwa Mahakama ya Juu. Tarehe 24 Januari, Mahakama iliamua kuwa akidi huhesabiwa kwa jumla ya viti vyote 134, hata kama kimoja kiko wazi, na kwamba akidi ni wajumbe 68. Shughuli zilizofanywa na wajumbe 67 zikakosa nguvu ya kisheria. Republican haikuweza kuendesha Baraza peke yake, na DFL nayo haikuweza kufanya lolote ikiwa nje.

Katika kipindi hichohicho Seneti nayo ilikuwa katika mlingano. Kifo cha Seneta Kari Dziedzic wa DFL, tarehe 27 Desemba, 2024, kiliifanya iwe 33 kwa 33. Maseneta walikubaliana kuwa na marais wawili wa Seneti, Bobby Joe Champion wa DFL na Jeremy Miller wa Republican, mpaka uchaguzi mdogo wa tarehe 28 Januari uliporejesha wingi wa DFL wa 34 kwa 33. Makubaliano hayo hayakuhitaji kwenda mahakamani.

Makubaliano ya Februari

Mwafaka wa Baraza ulifikiwa tarehe 5 Februari, na siku iliyofuata wajumbe wa DFL walirejea ukumbini. Mambo makuu yaliyokubaliwa ni haya:

1. Lisa Demuth awe Spika kwa muhula wote wa miaka miwili. Aliweka historia kwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Republican, na mtu wa kwanza asiye Mzungu, kushika nafasi hiyo Minnesota.

2. Republican waongoze kamati mpaka kiti cha 40B kijazwe. Viti vikilingana tena, kamati ziwe na idadi sawa ya wajumbe na wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila upande, wanaopokezana kuongoza vikao.

3. Kamati ya kuzuia udanganyifu na kusimamia taasisi za serikali ibaki chini ya Republican, wakiwa na wajumbe wengi zaidi.

4. Tabke asiondolewe katika kiti chake.

Tarehe 11 Machi, David Gottfried wa DFL alishinda kiti cha 40B na hesabu ikarudi 67 kwa 67.

Mabaraza mengine yaliyogawanyika sawa yamewahi kutumia taratibu tofauti. Michigan, mwaka 1993 na 1994, ilikuwa na Maspika wawili, Paul Hillegonds na Curtis Hertel, waliopokezana uongozi kila mwezi. Washington, kuanzia mwaka 1999, na Oregon, kuanzia mwaka 2011, zilikuwa na Maspika wawili wenye mamlaka sawa. Minnesota ilichagua kuwa na Spika mmoja na kugawana kamati.

Bajeti na kura ya 68

Jukumu kubwa la mwaka lilikuwa bajeti ya miaka miwili ya takriban dola bilioni 66. Kama isingepitishwa kabla ya tarehe 1 Julai, shughuli nyingi za serikali ya jimbo zingesimama. Katikati ya Mei, Gavana Walz, Demuth, Hortman na kiongozi wa wengi katika Seneti, Erin Murphy, walitangaza mwafaka wa jumla. Muda wa kikao cha kawaida uliisha tarehe 19 Mei kazi ikiwa haijakamilika, na Gavana aliitisha kikao maalumu cha siku moja, tarehe 9 Juni.

Sehemu iliyoleta ubishi mkubwa zaidi ilihusu MinnesotaCare, mpango wa bima ya afya wa jimbo. Mwaka 2023, Bunge likiwa chini ya DFL na Hortman akiwa Spika, wahamiaji wasio na vibali waliruhusiwa kujiunga na mpango huo, na utekelezaji ulianza Januari 2025. Republican ilitaka ruhusa hiyo iondolewe kwa watu wazima ifikapo mwisho wa mwaka 2025, huku watoto wakibaki katika mpango, na iliweka jambo hilo kuwa sharti la kukubali bajeti.

Mswada huo ulipita katika Baraza kwa kura 68 dhidi ya 65. Kura ya DFL iliyoufikisha namba 68 ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Hortman mwenyewe. Alipozungumza na waandishi wa habari baada ya kura hiyo, alitokwa na machozi. Sheria aliyoisimamia akiwa Spika ilipunguzwa kwa kura yake, na wahamiaji watu wazima walipoteza bima. Bajeti nayo ilikamilika na serikali haikufungwa.

Tarehe 14 Juni

Siku tano baadaye, usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14 Juni, mtu aliyejifanya askari polisi aliwapiga risasi na kuwaua Melissa Hortman na mumewe, Mark, nyumbani kwao Brooklyn Park. Usiku huohuo Seneta John Hoffman wa DFL na mkewe, Yvette, walipigwa risasi nyumbani kwao Champlin na kujeruhiwa vibaya. Mtuhumiwa alikamatwa siku iliyofuata.

Tarehe 27 Juni, miili ya Hortman na mumewe iliwekwa katika ukumbi mkuu wa jengo la Bunge ili wananchi watoe heshima za mwisho. Hortman alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo Minnesota.

Kifo chake kiliifanya hesabu ya Baraza iwe tena 67 kwa 66, kama ilivyokuwa Januari. Safari hii makubaliano ya maandishi yalikuwepo, na uchaguzi mdogo wa kiti chake, 34B, ulifanyika tarehe 16 Septemba. Xp Lee wa DFL alishinda, na Baraza likarudi katika mlingano uliowekwa na wapiga kura Novemba 2024.

Viti vyote 134 vya Baraza hilo vimepangwa kugombewa upya katika uchaguzi wa tarehe 3 Novemba, 2026. Masharti ya Katiba kuhusu akidi na kupitisha miswada hayajabadilika, na namba inayohitajika kwa yote mawili bado ni 68.