Nyuki mmoja tu, mtu chini: seli zako zinafanya nini?

Mtu kaumwa na nyuki. Dakika chache baadaye midomo imevimba, pumzi inambana, presha inashuka. Sumu ya nyuki mmoja ni kidogo mno, sasa kinachomwangusha ni nini? Ni kinga yake mwenyewe.

Kwenye ngozi, njia ya hewa na utumbo kuna seli za kinga zinazoitwa seli za masti. Ndani zimejaa vijifuko vya histamini na vimeng'enya, hasa triptasi. Vijifuko hivyo havifunguki ovyo. Anayetoa ruhusa yuko nje, juu ya utando wa seli: vipokezi.

Kipokezi kikuu hapa hushika kingamwili ya IgE, ile iliyotambuliwa mwaka 1966 na mtu na mkewe, Kimishige na Teruko Ishizaka, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Ukiumwa mara ya kwanza, mwili unaweza kutengeneza IgE dhidi ya sumu ile. Inakaa juu ya vipokezi, inasubiri, na wewe huhisi kitu. Ukiumwa tena, chembe moja ya sumu inashikwa na IgE mbili au zaidi kwa pamoja, na vipokezi vinavutwa vikakaribiana. Siri iko hapo. Kipokezi kimoja peke yake hakitoshi. Vikikutana, ishara inaingia ndani, kalsiamu inapanda, vijifuko vinaungana na utando na kumwaga mzigo wote.

Ndiyo maana daktari akitaka uhakika hupima triptasi kwenye damu, vizuri zaidi ndani ya saa mbili tangu dalili zianze.

Na breki je? Ipo, na ni kipokezi vilevile. Seli hizi zina vipokezi vya beta-2 vinavyoshika adrenalini, na vikishikwa, umwagaji unapungua. Kwa hiyo sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja inapandisha presha, inafungua njia ya hewa, na inazibana seli zenyewe. Vidonge vya mzio tulivyozoea huziba kipokezi cha histamini tu, huku seli ikiendelea kumwaga. Jamani, mtu anashindwa kupumua halafu unampa kidonge na kukaa kumwangalia? Mkimbize hospitali. Na hata akipata nafuu njiani msigeuze gari, maana dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.