Habari za Meli Liemba, Iliyozamishwa Ikafufuliwa

Katika kitabu cha Yubile hutazamiwa habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Nasi tumeona imetupasa kuandika pia habari za meli, kwa kuwa vijiji vingi vya kando ya Ziwa Tanganyika vilikaa miaka mingi bila barabara, na njia ya watu wake ilikuwa maji.

Meli hiyo iliundwa na Wadachi mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, ikapewa jina la gavana wao wa zamani, Graf von Götzen. Kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapata 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Pamoja nayo walikuja mafundi watatu, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Wenyeji waliobeba mizigo ile na kugongomea ribiti walikuwa wengi kupita hao, lakini majina yao hatuyaoni vitabuni. Jambo hili latuuma.

Vita vilipoanza mwaka 1914 kazi ilikuwa haijaisha. Meli ilishushwa majini mwaka 1915, ikatiwa mzinga uliotoka katika manowari Königsberg, iliyoangamia katika mto Rufiji, ikaanza kuchukua askari. Hata Julai 1916, Wabelgiji wa Kongo walipokuwa wakikaribia, Wadachi waliazimu kuizamisha kwa mikono yao wenyewe, adui asiipate.

Hapa ndipo penye ajabu. Wale mafundi waliipaka mitambo mafuta mazito ili isile kutu, ndipo wakaizamisha, tarehe 26 Julai, karibu na mlango wa mto Malagarasi. Waliamriwa kuipoteza, nao wakaipoteza kama mtu afukiaye mbegu. Kwamba walitumaini kuirudia wenyewe, bila shaka. Lakini si wao waliokuja kuifaidi.

Vita vilipokwisha nchi ilitawaliwa na Waingereza, nao mwaka 1924 wakaiopoa meli. Walipofungua mitambo waliikuta ingali yafaa kwa kazi, baada ya miaka mingi ya maji na matope! Matengenezo yalichukua muda, na mwezi wa Mei 1927 ilisafiri tena kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo David Livingstone alilipata mwaka 1867 kwa watu wa kusini mwa ziwa hili. Mvuke uliiendesha hata miaka ya 1970, ilipotiwa mitambo ya dizeli.

Aliyepata kusafiri nayo hasahau. Mahali pengi hapakuwa na gati. Meli ilikuwa ikilia honi usiku, mitumbwi ikija mbio, watu wakipokezana watoto, kuku na magunia ya dagaa kwa makelele mengi. Sisi twadhani makelele yale yaliipendeza kuliko mzinga.

Tena chombo hicho cha vita kiliwaokoa walioteswa na vita. Mwaka 1997 kilisaidia kurudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Na Mei 2015, maelfu ya watu wa Burundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa baina ya mlima na maji, huku kipindupindu kikiwashika, Liemba iliwachukua kwa mamia, safari baada ya safari, ikawafikisha Kigoma.

Mwaka 2018 ilipumzishwa, ili ingoje matengenezo mengine. Chuma kina mafundi wake. Majina ya waliokigongomea twaweza kuyatafuta sisi. Basi twawaomba walimu na wazee wa vigango vya ziwani: kama yuko mjukuu aliyesikia nyumbani mwao kwamba babu yake alibeba makasha ya Wadachi, au alifanya kazi ya kuiopoa meli, andikeni jina la mzee huyo, na kijiji chake, mkampe katekista wenu kabla ya sikukuu.