Fidla ya Bibi Blunt

Msomaji aliyepata kuzuru Makumbusho ya Lamu hakosi kuzikumbuka siwa mbili za kale zilizowekwa humo, moja ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, na moja ya shaba, ya Lamu yenyewe. Siwa si zumari ya kupigwa kila jioni. Ilipigwa siku za heshima tu, kama vile arusi za watu wakubwa na kutawazwa kwa mtawala, na baina ya siku hizo ilikaa kimya. Walakini hapakuwa na mtu aliyeihesabu kuwa kitu cha bure kwa sababu ya ukimya wake. Naitaja siwa kwanza ili msomaji asistaajabu mno akisikia habari ya fidla ya Ulaya iliyodumu karibu miaka mia tatu bila ya kupigwa ila kwa nadra, ikatunzwa kama mboni ya jicho, hata wenyewe wakafikia siku ya kuulizana: tuiweke, au tuiuze?

Fidla si ngeni kwetu. Katika taarabu ya Mombasa na Unguja ina kiti chake tangu siku nyingi. Asili ya fidla kama tuijuavyo leo ni Italia ya kaskazini, na mji uliopata sifa kuliko yote kwa kuiunda ni Cremona. Humo alikaa Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737 akiwa mkongwe sana, naye bado anafanya kazi. Inakadiriwa kuwa aliunda vyombo zaidi ya 1,000, yaani fidla, viola, selo, na hata magitaa machache. Na vilivyosalia hadi leo ni kama 650. Uso wa fidla yake ni wa mbao laini za jamii ya msonobari, mgongo wake ni wa mti mgumu wa nchi za baridi uitwao maple, na juu ya yote hupakwa vanishi. Kila baada ya miaka michache hutokea mtaalamu akatangaza kuwa ameivumbua siri ya fundi huyu: mmoja asema ni vanishi, wa pili asema ni mbao, wa tatu asema ni dawa iliyotiwa katika mbao. Siri iliyokwisha kuvumbuliwa mara nyingi kiasi hicho, mtu ana haki ya kuishuku.

Lililo hakika ni hili, kwamba fidla ikipigwa hulika. Jasho la mkono hula vanishi. Kidevu na bega hufuta rangi mahali zinapogusa. Upinde ukiteleza hukwaruza kingo. Zaidi ya hayo, fidla za Stradivari ziliundwa zipigwe katika vyumba vya wastani na makanisa. Karne ya kumi na tisa ilipoleta majumba makubwa ya muziki, yenye watu mamia kwa mamia, wapigaji walitaka sauti yenye nguvu zaidi. Basi mafundi wakazifungua fidla hizo za kale, wakaziondoa shingo zake na kuzitia shingo ndefu zaidi zilizoinama nyuma, na ndani wakatia mhimili mnene wa kustahimili mkazo wa nyuzi. Kwa hiyo karibu kila fidla ya Stradivari iliyopo leo ni kama nyumba iliyokaliwa na vizazi kumi: kuta ni zile zile, lakini milango imebadilishwa, sakafu imechakaa, na kila aliyekaa ameacha alama.

Chache mno ziliepuka uchakavu huo. Mashuhuri kati yake ni mbili: ile ya mwaka 1716 iitwayo Messiah, na ile ya mwaka 1721 iitwayo Lady Blunt, yaani Bibi Blunt, ambayo ndiyo habari yetu. Katika hizi mbili vanishi ingali imejaa, kingo zingali kali, na mtu anayejua kutazama huweza kuona mkono wa fundi ulivyokwenda.

Bibi aliyeipa fidla jina lake anastahili kusimuliwa. Aliitwa Anne, mjukuu wa mshairi Byron, na mama yake alikuwa Ada Lovelace, yule aliyeandika juu ya mashine ya kufanya hesabu muda mrefu kabla ya kompyuta kuwako. Katika miaka ya 1860 fidla hiyo ilipatikana Hispania na kuingia mikononi mwa Jean-Baptiste Vuillaume, fundi na mfanyabiashara mkubwa wa fidla mjini Paris, na Anne akainunua. Mwaka 1869 aliolewa na Wilfrid Scawen Blunt, mshairi na mpinzani wa ukoloni wa nchi yake mwenyewe. Pamoja na mumewe Anne alisafiri hadi mto Furati, kisha akaingia Najd katika moyo wa Arabuni. Alijifunza Kiarabu, akapeleka farasi wa Kiarabu Uingereza na kuwazalisha huko, na mwisho akafia Cairo mwaka 1917. Fidla alikaa nayo kama miaka thelathini. Alijua kuipiga, lakini mtu wa safari hizo hakuwa na nafasi ya kuichosha. Farasi wake walifanya kazi zaidi kuliko fidla yake.

Baada yake ilipita katika mikono ya wakusanyaji, watu wanunuao kitu ili wakitunze. Mwaka 1971 iliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini London kwa paundi 84,000, bei iliyowatoa watu pumzi siku hizo. Mwaka 2008 ikanunuliwa na taasisi ya Kijapani iitwayo Nippon Music Foundation, kwa fedha zinazosemekana kuzidi dola milioni 10 za Marekani.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Taasisi hiyo ya Tokyo haikusanyi vyombo ili ivifungie. Tangu miaka ya 1990 imekuwa ikinunua fidla na selo za Stradivari na za fundi mwenzake Guarneri, kisha ikiwaazima wapigaji stadi, wakubwa kwa vijana, bila ya kuwatoza ada. Vyombo vinne vya Stradivari ambavyo zamani vilikuwa mali ya Niccolò Paganini, taasisi iliwaazima wapigaji wanne wa Tokyo String Quartet kuanzia mwaka 1995. Shirika la namna hii sisi huliita wakfu, ingawa wazee wa pwani wangetukumbusha kuwa mali ya wakfu haiuzwi. Basi fikiri: katika nyumba ambayo kila chombo kimo safarini na mpigaji wake, mna fidla moja ambayo thamani yake yote imo katika kutochakaa. Ukimpa kijana aipige saa sita kila siku, baada ya miaka thelathini itakuwa fidla nzuri ya Stradivari kama mamia mengine, na kile kilichoitenga na nyingine kitakuwa kimefutika. Usipompa, umeliacha kusudi lako.

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi la nguvu ya 9.0 lilipiga chini ya bahari, mashariki ya kisiwa cha Honshu. Tsunami iliyofuata ilivuka kuta zilizojengwa kuizuia, ikaikumba miji ya wavuvi na wakulima wa chaza na mwani katika majimbo ya Iwate, Miyagi na Fukushima. Waliokufa na waliopotea wasionekane tena walizidi 18,000. Mamia ya maelfu walilala katika shule na kumbi za michezo, na kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Fukushima kikaharibika, hata watu wa vijiji vilivyosalimika nao wakahamishwa. Sisi tulioonjeshwa tone tu la msiba wa namna hii, pale tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilipovuka Bahari ya Hindi na kufika Malindi, twaweza kukisia kidogo.

Taasisi ya muziki ina nini cha kutoa katika siku kama hizo? Ina fidla. Nayo ikaamua kuuza moja, na iliyochaguliwa ikawa Lady Blunt. Rais wa taasisi, Bibi Kazuko Shiomi, alieleza kuwa fidla hiyo ilikuwa na cheo kikubwa katika hazina yao, lakini haja ya Wajapani wenzao baada ya msiba iliwabidi wote wasaidie kwa kila njia waliyoiweza.

Maneno hayo yamefupishwa mno kwa jambo zito kama hili, na mimi ningependa kukaa juu yake kidogo. Mpinzani wa uuzaji huo angeweza kusema hivi: misiba haiishi duniani, na kama kila msiba utafungua kabati, kabati litabaki tupu. Nyumba iliyobomoka itajengwa tena, lakini fidla ya mwaka 1721 isiyochakaa haiundwi tena. Angeongeza kuwa fidla hii ni kipimo. Fundi wa leo atakaye kujua Stradivari alikata vipi na alipaka vipi, atakwenda kuuliza wapi ikiwa imetoweka ndani ya sanduku la tajiri? Hoja hizi si za kubezwa. Walakini tazama upande wa pili. Kama taasisi ingeuza fidla nyingine yo yote, ingempokonya mpigaji chombo chake, na wasikilizaji wa mpigaji huyo wangepungukiwa. Kuuzwa kwa Lady Blunt hakukuacha mikono ya mtu mitupu. Tena ule ukimya wake wa miaka mingi, ambao mtu angeweza kuuita hasara, ndio uliokuwa akiba. Kila mwaka ambao haikupigwa uliongeza kitu katika bei yake, na sasa bei hiyo ilipata pa kwenda. Kwa maoni yangu walichagua sawa, na walichagua iliyo sawa kati ya zote walizokuwa nazo.

Mnada ulifanywa kwa intaneti na nyumba ya Tarisio tarehe 20 Juni 2011. Bei ilipanda hata ikafika paundi milioni 9.8, yaani karibu dola milioni 16. Kabla ya hapo fidla iliyouzwa kwa bei ya juu kuliko zote mnadani ilikuwa ile iitwayo Molitor, iliyopata dola milioni 3.6 mwaka 2010. Basi Lady Blunt iliipita zaidi ya mara nne. Mnunuzi hakutajwa jina. Fedha zote zilitolewa kwa mfuko wa kuwasaidia waliopatwa na tetemeko na tsunami, uliosimamiwa na Nippon Foundation.

Jina la nyumba hiyo ya mnada lina kisa chake, nacho chatupeleka kwa ndugu yake Lady Blunt. Luigi Tarisio alikuwa Mwitalia aliyezunguka akinunua fidla za kale na kuzipeleka Paris. Fidla moja, ile ya mwaka 1716, alijisifu nayo miaka na miaka bila ya kuileta, hata mpigaji mmoja akamtania kuwa fidla yake ni kama Masihi, angojewaye daima asije. Na jina likashika. Tarisio alipokufa Vuillaume aliinunua, mwaka 1855. Baadaye ilifika kwa akina Hill, mafundi na wauzaji wa fidla wa London, nao mwishowe hawakuiuza. Waliitoa kwa makumbusho ya Ashmolean mjini Oxford ili iwe kipimo cha mafundi wa baadaye, na iko humo ndani ya kioo, haipigwi.

Njia ya tatu ni ya Paganini. Fidla aliyoipenda kuliko zote, iliyoundwa na Guarneri mwaka 1743, aliiusia mji wake wa Genoa itunzwe huko milele. Mji haukuiuza, wala haukuinyamazisha kabisa. Hutolewa mara kwa mara akapewa mpigaji stadi, kisha hurudishwa mahali pake. Hii ndiyo njia iliyo karibu zaidi na ile ya siwa.

Huenda msomaji akauliza kama dunia ya muziki imepoteza sauti kwa kuwa fidla kama Lady Blunt hazipigwi. Mwaka 2010 huko Indianapolis, Marekani, wapigaji 21 walipewa fidla tatu za kale na tatu mpya, nao wamevaa miwani ya giza wasizitambue. Wengi walizipendelea mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari. Jaribio moja halimalizi ubishi, na wapo wapigaji wakubwa waliolikataa; hata hivyo laonyesha kuwa anayetaka sauti njema hana lazima ya kungoja kabati la mtu lifunguliwe.

Wapigaji wanne wa Tokyo String Quartet waliendelea na vyombo vyao vya Paganini hadi kundi lao lilipovunjika mwaka 2013. Wakavirudisha kwa taasisi, nayo ikaviazima kwa kundi jingine.