Ilya Musin

Ilya Aleksandrovich Musin (6 Januari 1904 – 6 Juni 1999) alikuwa kondakta wa okestra na mwalimu wa muziki wa Urusi. Alifundisha uongozaji wa okestra kwa zaidi ya miaka 60 katika Konservatori ya Leningrad, mji ambao leo unaitwa tena Saint Petersburg. Jukwaani hakupewa nafasi iliyolingana na uwezo wake. Darasani hali ilikuwa tofauti kabisa: ni walimu wachache sana wa karne ya 20 waliolea makondakta mashuhuri wengi kama yeye.

Maisha ya awali

Musin alizaliwa Kostroma, mji ulio kando ya mto Volga, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1919 aliingia konservatori ya Petrograd, kama Leningrad ilivyoitwa wakati huo, akitaka kuwa mpiga piano. Nchi ilikuwa vitani, kuni zilikuwa adimu, na wanafunzi walifanya mazoezi katika vyumba vyenye baridi kali. Mikono ikaanza kumsumbua, na ndoto ya piano ikafifia. Mwaka 1925 alijiunga na darasa la uongozaji la Nikolai Malko, kondakta ambaye mwaka uliofuata alizindua Simfonia ya Kwanza ya Dmitri Shostakovich. Shostakovich mwenyewe alikuwa rafiki wa Musin tangu ujana.

Malko aliondoka Urusi mwaka 1929. Musin alibaki, na kuanzia mwaka 1932 akawa mwalimu pale pale alipofundishwa.

Leningrad, Minsk na Tashkent

Mwaka 1934 alifanywa msaidizi wa Fritz Stiedry, Mwaustria aliyewakimbia Wanazi na kukabidhiwa okestra ya Filamonia ya Leningrad. Mtu angetarajia kwamba Stiedry akiondoka, msaidizi atapanda ngazi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1937 Musin alihamia Minsk kuongoza okestra ya taifa ya Belarus, na mwaka 1938 Filamonia ilimpata Yevgeny Mravinsky, aliyekalia kiti cha kondakta mkuu mpaka kifo chake mwaka 1988. Miaka hamsini mizima, mlango mkuu wa muziki mjini Leningrad ulikuwa na mwenyewe.

Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovyeti Juni 1941, Minsk iliangukia mikononi mwa adui katika siku za mwanzo za vita. Musin alifika Tashkent, Uzbekistan, ambako konservatori ya Leningrad ilikuwa imehamishiwa. Huko, mwaka 1942, aliongoza Simfonia ya Saba ya Shostakovich, ile iitwayo “Leningrad”, wakati mji wenyewe ukiwa bado umezingirwa na watu wakifa kwa njaa. Lilikuwa miongoni mwa maonyesho ya kwanza kabisa ya simfonia hiyo, na pengine ndiyo saa kubwa kuliko zote katika maisha yake ya jukwaani.

Baada ya vita alirudi Leningrad. Alikuwa Myahudi, na hakuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti; katika miaka ya mwisho ya Stalin mambo hayo mawili yalitosha kumweka mtu pembeni. Okestra kubwa hakupewa. Alichobaki nacho ni darasa.

Ufundishaji

Darasa la Musin halikuwa na okestra. Kama ilivyo desturi ya konservatori za Urusi, wapiga piano walikaa kwenye piano mbili na kupiga simfonia nzima iliyopunguzwa kwa ajili ya ala hizo, huku mwanafunzi akisimama mbele yao kuongoza. Mazingira hayo hayamfichi mtu. Okestra ya watu 80 yenye uzoefu inaweza kumbeba kondakta dhaifu hadi mwisho wa simfonia bila wasikilizaji kugundua. Wapiga piano wawili walioagizwa kufuata mkono tu humwanika mara moja.

Musin alishikilia kwamba kazi ya kondakta ni kuufanya muziki uonekane mikononi mwake. Kupiga mapigo sawasawa hakukutosha. Mkono ulipaswa kuitangulia sauti na kuwaambia wanamuziki, kabla hawajapiga, sauti hiyo iwe nzito au nyepesi, ifungwe au iachiwe itiririke. Aliona usahihi na hisia kuwa vinavutana: anayezidisha kimoja hukipoteza kingine, na ustadi ni kuvipatanisha katika ishara moja. Yeyote aliyeimba chini ya mwalimu mzuri wa kwaya anajua maana ya kuelewa jambo kwa kiganja kabla ya neno. Upya wa Musin ulikuwa kulichambua hilo hatua kwa hatua, kitu ambacho wengi walikiona ni kipaji tu kisichofundishika. Uchambuzi huo aliuandika katika kitabu cha mbinu za uongozaji kilichotoka mwaka 1967.

Wanafunzi

Kati ya waliopita mikononi mwake ni Rudolf Barshai, Yuri Temirkanov, Vasily Sinaisky, Valery Gergiev, Semyon Bychkov na Tugan Sokhiev. Kutoka nje walikuja Waingereza Sian Edwards na Martyn Brabbins, na Mgiriki Teodor Currentzis. Edwards, mwaka 1988, alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza opera katika Royal Opera House ya London. Mwaka huohuo Temirkanov aliichukua Filamonia ya Leningrad baada ya Mravinsky. Kiti ambacho mwalimu hakukipata kikaenda kwa mwanafunzi.

Wanafunzi hao hawafanani. Ukimtazama Gergiev na vidole vyake vinavyotetema, kisha Bychkov na mikono yake mipana, hutadhani wametoka chumba kimoja. Hiyo ni sifa ya mwalimu, kwa kuwa wako walimu wanaotoa nakala zao wenyewe. Hata nje ya muziki njia zao ziliachana: Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, Bychkov alilaani hadharani, ilhali Gergiev alikataa kufanya hivyo na akafukuzwa kwenye okestra ya Filamonia ya Munich.

Miaka ya mwisho

Baada ya Muungano wa Kisovyeti kuvunjika, Ulaya Magharibi ilianza kumwalika Musin kufundisha. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 92, aliongoza Royal Philharmonic Orchestra mjini London. Alifariki Saint Petersburg mwaka 1999 akiwa na miaka 95, akiwa bado anafundisha.