Alotipu za kingamwili za sungura

Alotipu ni tofauti za kurithi katika protini za utegili wa damu. Kwa sungura wa Ulaya (Oryctolagus cuniculus), anayefugwa kwa nyama, manyoya na utafiti, zilizochunguzwa zaidi ni za kingamwili.

Ugunduzi

Mwaka 1956 Jacques Oudin wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwadunga sungura kingamwili za sungura wenzao. Baadhi walizipinga kama kitu kigeni, na kwa seramu yao iliwezekana kugawa sungura katika makundi. Mwaka huohuo Rune Grubb wa Sweden alieleza hali kama hiyo kwa binadamu, lakini sungura, anayezaa upesi na kutolewa damu sikioni bila taabu, ndiye aliyebeba kazi iliyofuata.

Makundi na urithi

Alama za kundi a (a1, a2, a3) zimo kwenye minyororo mizito ya kingamwili. Za kundi b (b4, b5, b6, b9) kwenye minyororo myepesi ya kapa. Mtoto hurithi aleli (toleo la jeni) moja kwa kila mzazi, na zote mbili huonekana katika damu yake, ingawa kila seli hutumia moja tu. Minyororo ya b4 na b9 hutofautiana kwa takriban theluthi ya asidi amino katika sehemu yake isiyobadilika, kiasi kikubwa mno kwa aleli za jeni moja.

Mwaka 1963 Charles Todd alikuta alama zilezile za a kwenye IgG na IgM, aina mbili za kingamwili ambazo minyororo yake mizito ni tofauti. Enzi hizo iliaminika kwamba jeni moja hutoa mnyororo mmoja. Matokeo ya Todd yalikuwa miongoni mwa dalili za kwanza kabisa kwamba mnyororo mmoja huundwa na jeni zaidi ya moja, jambo ambalo Susumu Tonegawa alilithibitisha kwa DNA ya panya mwaka 1976. Mwaka 1990 Katherine Knight na Robert Becker walionyesha kwamba, kati ya jeni nyingi za VH (sehemu badilifu ya mnyororo mzito) alizonazo sungura, seli nyingi huchagua moja tu, VH1, nayo ndiyo yenye alama ya a.

Kuzuiwa kwa alotipu

Sheldon Dray (1962) alibaini kwamba jike aliyechanjwa dhidi ya alotipu ya dume huzaa watoto ambao kwao alotipu hiyo hufifia kwa miezi mingi, ilhali jeni yake wanayo.

Koo zenye kasoro

Ukoo wa sungura uitwao Basilea hauna mnyororo wa kapa wa kawaida. Ule uitwao Alicia umepoteza VH1.

Sungura mwitu

Alama za b ni nyingi zaidi kwa sungura mwitu kuliko kwa wafugwao.

Matumizi

Alotipu zimetumika maabara kufuatilia seli zilizohamishwa kutoka sungura mmoja hadi mwingine.